Kumgeuza Haji Tijani

Kumgeuza mgonjwa kifudifudi kunataka watu watano, na katika hao watano mwenye amri ni mmoja tu: aliyeshika kichwa. Wawili husimama kulia, wawili kushoto, na wote, hata akiwemo daktari bingwa mwenye vyeti vya kupamba ukuta mzima, hufunga midomo na kungoja neno lake. Aliyeshika kichwa ndiye aliyeshika bomba la hewa, na bomba likichomoka hakuna cheti kitakachopumua kwa niaba ya mgonjwa. Katika wodi ya mahututi ya hospitali moja mjini Sfax, kazi hiyo ilikuwa ya Nejia. Aliianza ile miaka ya korona, akaizoea hata wenzake wakawa wanamcheka kwamba nyumbani kwake hawezi kugeuza mkate wa shayiri jikoni bila kuhesabu moja, mbili, tatu.

Basi Januari moja, msimu wa zeituni ukiwa katikati, kichwa alicholetewa kilikuwa cha baba yake mzazi.

Haji Tijani alikuwa na miaka sabini na ushee na ubishi wa kijana wa ishirini. Shamba lake la mizeituni lilikuwa nje ya mji, na wakati majirani wote walikuwa wamehamia kwenye vitana vya plastiki na mashine za kutikisa matawi, yeye alivaa pembe za mbuzi vidoleni kama babu yake, akapanda ngazi, akachana matawi kwa mkono. Homa ya mafua ilimkuta huko juu. Akasema ni vumbi. Kikohozi kikamshika, akasema ni baridi ya alfajiri. Midomo ilipogeuka rangi ya zeituni mbivu, mkewe Bi Manana alimpigia simu mwanawe wa kiume, Lasaad, wakambeba kwenye gari la kupakia magunia, naye njiani bado anauliza nani amebaki kulinda mavuno.

Picha ya mapafu ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Daktari Kamar, mkuu wa wodi, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimwita Nejia pembeni.

"Mapafu ya Haji ni sifongo iliyolowa," alimwambia. "Akilala chali, maji yanashuka mgongoni na uzito wote unakandamiza huko huko. Unajua mwenyewe. Tumlaze usingizi, tumtie bomba, halafu tumgeuze kifudifudi saa kumi na sita kwa siku mpaka yafunguke."

"Na mimi?"

"Wewe ni binti yake. Kanuni inasema ukae nje." Daktari Kamar alitazama orodha ya zamu, ambayo nusu ya majina yake yalikuwa nyumbani na homa hiyo hiyo. "Lakini kanuni haijui kushika kichwa. Dawa zake usiziguse. Kichwa shika."

Nejia alikwenda kwa baba yake kabla ya sindano ya usingizi. Alimweleza yote, polepole, mdomo wake karibu na sikio la mzee kwa sababu ile barakoa ya oksijeni ilikuwa inavuma. Alijua kitakachomsumbua. Watu wa umri wa Haji wamekua wakiambiwa kwamba kulala kifudifudi ni mlalo usiompendeza Mungu, na mtoto aliyelala hivyo hupigwa kofi la matako akageuka. Kwa hiyo Nejia alikuwa amekwisha kumpigia simu imamu wa mtaa, naye imamu akasema dharura ina sheria yake, mgonjwa hana lawama. Alimfikishia mzee maneno hayo yalivyo.

Haji alivuta pumzi tatu nne kabla ya kupata ya kusemea. "Nani atashika kichwa?"

"Mimi, Baba."

"Mkono wako huo uliovunja birika langu la Makka?"

"Nilikuwa na miaka sita, Baba. Utalisema mpaka lini?"

Mzee alicheka, kicheko kikamgeukia kikohozi. Kilipotulia alimshika mwanawe kifundo cha mkono. "Ndiyo," alisema. "Nigeuzeni. Ukiwa wewe, sina wasiwasi."

Ile ndiyo Nejia aliibeba kifuani. Alikuwa amesikia ndiyo nyingi katika kazi yake, za watu waliokwisha kuchoka na za watu wasioelewa. Hii ilikuwa ya baba yake, aliyemkatalia kusoma uuguzi mpaka akalia mwezi mzima, leo anamkabidhi shingo yake. Alitoka kwenda kuwaita wenzake huku moyo umemjaa, akamwacha mama yake akae na mzee dakika zile za mwisho.

Namna ya kumgeuza mgonjwa aliye kwenye bomba, usipoielewa, inatisha. Shuka moja liko chini yake, jingine anafunikwa juu, mito imewekwa kifuani na nyongani, kisha kingo za mashuka mawili zinakunjwa pamoja, zinaviringishwa mpaka zimkaze mwili mzima, asionekane ila kichwa. Ndipo anasogezwa ukingoni, anasimamishwa ubavu, na kwa hesabu ya mwenye kichwa anashushwa juu ya tumbo lake. Vibandiko vya waya za moyo vinabanduliwa kifuani na kubandikwa mgongoni. Uso unageuzwa upande, shavu juu ya mto wenye tundu, mkono mmoja juu mmoja chini, kama mtu anayeogelea.

Lasaad alikuwa nyuma ya kioo. Alipoona mashuka yanaviringishwa, alipiga kioo kwa ngumi.

"Mnamvika sanda mtu hai! Nejia! Mnamvika baba sanda!"

Nejia hakuinua macho. Alimaliza hesabu yake, akamlaza baba yake, akakagua bomba, akakagua jicho lisibanwe, akakagua sikio lisikunjike. Kisha alitoka nje.

"Una akili wewe? Nimeshika roho ya mtu mkononi, wewe unanipigia ngoma kwenye kioo?"

"Mmemlaza kama watu wa motoni, dada." Lasaad alikuwa na miaka arobaini na kiwanda cha kukamulia mafuta, lakini akilia alikuwa mtoto. "Uso chini. Kibla iko wapi? Akikata roho hivyo?"

"Hakati roho. Njoo." Alimshika mkono, akamwonyesha skrini kupitia kioo. "Ile namba ya bluu. Ilikuwa themanini na mbili tukiwa tumemlaza chali. Sasa?"

"Tisini na moja."

"Basi. Hiyo ndiyo kibla yangu mimi kwa sasa. Niapie, Lasaad, hutamsumbua mtu yeyote humu ndani. Kichwa cha mama."

Lasaad alifuta pua kwa mkono wa koti. "Kichwa cha mama," aliapa. Na katika nyumba ile, mtu akishaapa kwa kichwa cha Bi Manana, mazungumzo yamekwisha.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Wanamlaza kifudifudi, wanamrudisha chali saa chache ili apumzike uso, wanamgeuza tena. Nejia aliomba zamu za usiku mfululizo. Kila mgeuzo namba zilipanda kidogo na zilikataa kushuka sana. Mafuta ya zeituni alimpaka mashavuni mwenyewe asipate vidonda, mafuta ya shamba lake Haji, na wauguzi wakasema wodi nzima inanukia kifungua kinywa.

Asubuhi moja, baada ya kumgeuza alfajiri, Daktari Kamar alisimama mbele ya mashine kwa muda mrefu, akashusha oksijeni, akangoja, akaishusha tena. Namba haikutikisika.

"Mgeuzo mmoja zaidi, labda miwili," alisema. "Halafu tuanze kupunguza usingizi. Mzee wako ni mbishi."

Nejia alimkumbatia daktari asiyependa kukumbatiwa. Kisha akatoka kwenye korido, akampigia mama yake.

"Mama, anaendelea vizuri. Vizuri sana. Daktari anataka kumwamsha karibuni."

Bi Manana akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu," kwa sauti ndogo, akakata simu. Nejia alidhani ni furaha.

Zamu ya mchana ilikuwa ya Wasila. Hawa wawili walisoma uuguzi darasa moja, walilala chumba kimoja bwenini, walikula kwenye sahani moja miaka ishirini. Wasila ndiye aliyemfunga Nejia hina ya harusi, na ndiye aliyemfungia mizigo siku ndoa ilipovunjika. Kwa Bi Manana alikuwa anaingia jikoni na kufunua vyungu bila kubisha hodi. Kama kuna mtu duniani Nejia angemwachia mgongo wake bila kugeuka, ni huyo.

"Asiguswe mpaka nirudi usiku," Nejia alimwambia, akivaa koti. "Usiku tutamrudisha chali wenyewe, watu watano. Na Lasaad akija na machozi yake saa ya kutazama wagonjwa, mpe kiti, usimpe sikio."

"Nenda kalale, shoga. Macho yako mekundu kama pilipili ya harisa. Ukibaki hapa nitakulaza wewe kifudifudi."

Nejia aliondoka akicheka. Alilala usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo.

Simu ilimwamsha jua likiwa bado juu. Ilikuwa sauti ya Wasila, na haikusema kitu zaidi ya "Njoo."

Alimkuta baba yake amelala chali, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, mashine imezimwa. Daktari Kamar alikuwa ameketi kwenye kiti cha wauguzi na jasho limemkauka usoni. Alisema ameitwa kutoka wodi nyingine, akakuta moyo umekwisha kusimama, wamehangaika nao mpaka mikono imekufa ganzi. "Sielewi," alisema. "Asubuhi ile… Sielewi, Nejia. Mungu akupe subira."

"Alibadilika ghafla," Wasila alisema. Alikuwa amesimama ukutani. "Namba zikaporomoka. Tukamgeuza ili tumkande moyo."

Nejia alimbusu baba yake kwenye paji la uso. Bado lilikuwa na uvuguvugu na harufu ya mafuta. Alifunua shuka ili amweke mikono vizuri, na hapo macho yake, macho ya kazini yasiyojua kupumzika hata msibani, yakaona vibandiko vya moyo. Vilikuwa kifuani, vimepangwa vizuri kila kimoja mahali pake, na waya zake zimesukwa kando. Mgonjwa anayekata roho akigeuzwa mbiombio, hakuna anayekumbuka vibandiko. Hubaki mgongoni vikikwanyuka. Na kitanda chenyewe hakikuwa sambamba na ukuta. Kilikuwa kimevutwa upande, breki za magurudumu zimefunguliwa na kufungwa tena, miguu ya mzee ikaelekezwa kwenye kona ya dirisha. Kona ile Nejia aliijua. Huko ndiko wauguzi walikoelekeza miswala yao wakiswali.

Alimtazama Wasila, na Wasila akatazama sakafu.

Alirudisha shuka mahali pake. Maiti ana haki zake, ya kwanza ni kuzikwa kwa utulivu. Walimzika Haji kesho yake kabla ya adhuhuri, wanaume wakambeba mbio mbio kama desturi, na Lasaad akashuka kaburini kumpokea. Nyumba ilijaa. Majirani walileta vyungu vya kuskusi kwa sababu jiko la wafiwa haliwashwi, wanawake wakakaa kwenye magodoro kumzunguka Bi Manana, na kila anayeingia akasema Mungu amemchukua amana yake. Nejia aliitikia kila mmoja. Ndani ya kifua chake kulikuwa na mtu mmoja tu anayezungumza, na alikuwa anauliza swali lile lile: nani alimgeuza?

Siku ya tatu, siku ya kufunga matanga, Wasila alikuja na sufuria la mchuzi. Alipita moja kwa moja jikoni kama alivyozoea. Nejia alimfuata, akafunga mlango.

"Weka sufuria chini."

Wasila aliliweka.

"Mlimgeuza akiwa mzima," Nejia alisema. "Usinidanganye, Wasila. Mlikuwa na nafasi ya kubandika vibandiko na kusuka waya. Mlikuwa na nafasi ya kuvuta kitanda."

Wasila aliketi kwenye kigoda cha kumenyea vitunguu. "Ilikuwa iwe robo saa," alisema. "Robo saa tu. Asomewe Yasini akiwa ameelekea kibla, halafu tumrudishe."

"Mlikuwa wangapi?"

"Nejia…"

"Wangapi?"

"Watatu. Mimi, mhudumu wa vitanda, na Lasaad."

"Nani alishika kichwa?"

"Mimi."

"Na nani alihesabu?"

Wasila alianza kulia. "Hakuna aliyehesabu. Lasaad alikwisha kuanza kusoma. Alivuta shuka kabla sijawa tayari. Bomba likatoka mkononi mwangu, nikalirudisha, nakuapia nililirudisha, nikajua limerudi sawa, namba ikapanda. Ndipo nikampanga vizuri, vibandiko na kitanda. Halafu ikaanza kushuka haikusimama. Alipolala chali mapafu yakafunga kama mlango."

"Na ukaniambia alibadilika ghafla. Ukamwambia Daktari Kamar alibadilika ghafla. Mbele ya maiti ya baba yangu, mtu aliyekuita binti."

"Wewe hukuwaona walivyokuwa wanalia! Unasahau baba yangu mimi alikufa vipi? Ile miaka ya korona, wodi ile ile, uso chini kwenye mto, na mimi ndiye niliyemgeuza akiwa amekwisha kukakamaa, hakuelekezwa kibla wala nini. Mama yako aliponipigia, aliponiambia nisimnyime mumewe kile baba yangu alichonyimwa, ningesema nini?"

Nejia alidhani amesikia vibaya. "Mama yangu?"

Wasila akaziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Mama yangu alikupigia simu?"

"Mwulize mwenyewe."

Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema utafanya nini ukivua nguo moja baada ya nyingine na kila moja ina mdudu wake. Nejia alifungua mlango wa jikoni. Wageni wengi walikuwa wamekwisha kwenda. Sebuleni alibaki Bi Manana kwenye godoro lake, amejitanda shuka jeupe, na Lasaad akihesabu tasbihi miguuni pake.

"Uliapa," Nejia alimwambia Lasaad. "Kichwa cha huyu hapa. Uliapa."

Lasaad alimtazama dada yake, kisha akamwona Wasila mlangoni na uso wake uliovimba, akaelewa. "Nilimtimizia baba yangu haki yake," alisema. "Amekufa ameelekea kibla, na shahada sikioni. Sijutii."

"Hujutii? Ulivuta shuka kabla ya hesabu, mpumbavu wewe! Ulikuwa unavuta gunia la zeituni?"

"Nejia, mwache," Bi Manana alisema. "Si yeye. Nilimtuma mimi. Na kiapo ni changu, kichwa ni changu, nilimfungulia mwenyewe."

Nejia alipiga magoti mbele ya mama yake. Hakujua kama anataka kumbusu mkono au kuuvunja. "Kwa nini, Mama? Kwa nini hukuniuliza mimi? Mimi niliyekuwa naye kila usiku?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi." Bi Manana alirekebisha shuka lake. "Siku ile ulipotoka kwenda kuita watu wako, baba yako alinishika mkono. Akasema, nimemwambia Nejia ndiyo, siwezi kumvunja moyo, amekuja na fatwa kabisa kama kadhi. Lakini mkiona nakwenda, Manana, msiniache nife uso umezama kwenye mto. Nigeuzeni nione kibla. Na msimwambie, atalia."

Hili lilimuuma Nejia kuliko sufuria la Wasila na kuliko tasbihi ya Lasaad. Ile ndiyo aliyoibeba kifuani, ile aliyoamkia na kulalia nayo, alipewa kama peremende, mtoto anyamaze. Mzee alimkabidhi shingo yake mchana kweupe na kumnyang'anya kwa mlango wa nyuma. Na sasa yuko chini ya udongo, hawezi kuulizwa, hawezi kutukanwa. Nejia alimkasirikia marehemu hasira ambayo hakuwahi kumkasirikia alipokuwa hai, akaona aibu, na aibu haikuipunguza hasira hata chembe.

"Alisema mkiona anakwenda," alisema. "Nani aliwaambia anakwenda? Nani, Mama?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulinipigia asubuhi ile. Ukasema anaendelea vizuri, vizuri sana, Daktari anataka kumwamsha karibuni. Kwa sauti ile laini." Machozi yalikuwa yanamtoka Bi Manana bila uso kubadilika. "Nikajua amekwisha. Bibi yako alipokuwa anakata roho na wewe uko chuoni, tulikuambia nini kwenye simu? Anaendelea vizuri. Shangazi yako, siku ya mwisho kabisa, wewe mwenyewe ulikaa pale mlangoni ukamwambia mumewe nini? Anaendelea vizuri, kesho atakunywa supu. Nani katika nyumba hii amewahi kuambiwa mgonjwa wake anaendelea vizuri, akamkuta hai? Ungesema hali yake mbaya, ningengoja. Ningesema, bado wanapigana naye."

"Hata mimi nilimwambia," Wasila alisema kutoka mlangoni, taratibu. "Aliponipigia nilimwambia Haji anaendelea vizuri. Akazidi kulia."

Barabarani lilipita gari la magunia, likipeleka zeituni za mtu mwingine kwenye mashine.

Bi Manana alikuwa anamtazama binti yake. Polepole, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha chungu motoni, uso wake ulianza kubadilika. Alimshika Nejia mabega kwa mikono miwili.

"Nejia. Kwani ulikuwa unasema kweli?"

Lasaad aliacha tasbihi. Wasila, nyuma ya mgongo wa Bi Manana, alitikisa kichwa: usimwambie, kwa jina la Mungu usimwambie. Na huyo ndiye aliyemtia hasira zaidi, huyo aliyekula chumvi yao miaka ishirini na sasa anataka amfundishe huruma.

Jibu lilikuwa ulimini. Ndiyo, nilikuwa nasema kweli. Mgeuzo mmoja au miwili, mngekaa naye hapa anawauliza nani amelinda mavuno. Mmemwua nyinyi, wote, mkiwa mmeshikana mikono, na mimi mmenilaza usingizi kama yeye. Alikuwa na haki ya kulisema. Alitaka kuliona likiwapiga mmoja mmoja, Lasaad kwanza. Hakuna aliyemhurumia yeye. Kwa nini awahurumie?

Vidole vya mama yake vilikuwa bado mabegani mwake. Vilikuwa vyepesi, havina nguvu ya kushika chochote. Miaka hamsini na mmoja aliishi na mzee yule.

"Hapana, Mama," Nejia alisema. "Nilikuwa nakutuliza tu. Baba alikuwa amekwisha. Hata tusingemgusa, jioni isingemkuta. Mlimtendea wema."

Alilisema kwa upole wote aliokuwa nao, akamfuta mama yake machozi kwa kiganja. Kisha aligeuza kichwa, akamwambia Wasila kwa sauti nyingine kabisa kwamba kesho aende mwenyewe kwa Daktari Kamar, kwa mdomo wake mwenyewe, na kuanzia leo asile tena katika nyumba hii. Wasila aliinama, akatoka, sufuria lake likabaki jikoni.

Bi Manana hakumwona akitoka. Alikuwa bado anamtazama binti yake usoni, anatafuta kitu, na alipokipata mikono yake ikadondoka mapajani.

"Umesema kwa sauti ile laini, mwanangu," alisema.

Akajifunika shuka lake kichwani, akalala palepale kwenye godoro, uso chini, na Nejia na Lasaad hawakuthubutu kumgeuza.